Mafuta ya Kondoo Ndani ya Cherehani

Harufu ya mafuta ya kondoo yakiyeyushwa haina adabu. Inaingia kwako bila kubisha, inakaa kwa pazia, inakaa kwa nywele, na Jumapili unaenda nayo kanisani. Wiki iliyopita majirani wangu hapa Kajiado walichinja, wakaweka mkia wa kondoo kwa sufuria nje ya jikoni yao, na mimi niliyekuwa nimeketi nikichagua mchele nikasimama nikafunga dirisha. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimechoka tu. Na kweli nilikuwa nimechoka, lakini si kwa kazi ya siku hiyo. Kuna uchovu mwingine, unakujia ukikumbuka kitu ulichofanya ukiwa mtoto na mtu wa kumweleza hayuko tena.

Basi nitawaeleza nyinyi. Sikusoma sana, shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo mtanivumilia mkiona nimezunguka mahali mtu mwingine angepita moja kwa moja.

Tulikuwa tunaishi Noonkopir, pale Kitengela, mwanzo wa miaka ya tisini. Siku hizo Kitengela haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa vumbi na upepo, na nyumbu walikuwa wakipita karibu na choo chetu kama watu wanaoenda sokoni. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kuta mabati, juu mabati. Asubuhi ya mwezi wa saba ilikuwa baridi ya kuuma meno, na ikifika saa sita mchana, jua likitoka, ungefikiri umewekwa ndani ya sufuria na kifuniko kimewekwa juu. Baba alikuwa askari wa mlango huko Nairobi, tukimwona mara mbili kwa mwezi. Ndugu zangu wakubwa walikuwa wameachwa kwa nyanya Machakos. Mimi ndiye niliyekuwa kitinda mimba, niko na miaka kumi, nikikaa na Mwaitu. Mwaitu ndilo jina sisi Wakamba tunalomwitia mama, na hata leo nikimtaja siwezi kutumia jina lingine.

Mwaitu alikuwa na cherehani ya miguu, nyeusi, imewekwa chini ya dirisha pekee tulilokuwa nalo. Alikuwa anashona nguo za shule, sketi za kina mama wa kanisa, na suruali zilizochanika matako za wanaume wa machimbo ya mawe. Lakini kile kilichomfanya ajulikane ni uzi. Fundi yeyote wa pale Noonkopir, uzi ukimsumbua, alikuwa anamtafuta Mama Mumbua. Mumbua ni mimi. Angekuja amebeba kitambaa kilichojaa mafundo, na Mwaitu angekigeuza upande wa chini, akitazame, kisha aanze kumuuliza maswali kama daktari. Uzi ulinunua lini? Uliuweka dirishani juani? Sindano ni ya lini?

Alinifundisha hata mimi, nikiwa mdogo hivyo. Aliniambia nikiona nyuzi zimejikunja chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, nisikimbilie kufungua chini, kwa sababu kosa karibu kila siku liko juu. Nitoe uzi wote wa juu, niinue ule mguu unaobana kitambaa, nitunge upya kutoka mwanzo, nihakikishe uzi umepita katikati ya zile sahani mbili ndogo za chuma zinazoukaza. Ikikataa, nibadilishe sindano, nitazame ubavu wake bapa umeelekea upande unaofaa. Ikikataa bado, nitazame bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kama uzi umezungushwa sawa. Na ile skrubu ndogo ya kikopo cha bobini, hiyo niiogope. Mtu anayekimbilia skrubu, Mwaitu alisema, ni mtu ambaye hataki kufikiri.

Ng'ambo ya njia alikuwa anaishi bibi mmoja Mmasai, tukimwita Koko, maana hivyo ndivyo watoto wao humwita nyanya. Sisi watoto tulikuwa tunamwendea na kuinama, yeye anatuwekea mkono kichwani, hiyo ndiyo salamu. Wakati mwingi alikuja na mkebe wake wa shanga, akakaa kwa mlango wetu akizitunga huku Mwaitu akishona ndani. Walikuwa wanaweza kukaa saa mbili bila neno. Mmoja alikuwa anajua Kikamba, mwingine Kimaa, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kununulia sukari tu, lakini sikuwahi kuona wakikosa kuelewana.

Mwaka huo mjukuu wake Nasieku alikuwa anaolewa, harusi ya kanisani huko Kajiado. Mabinti za Koko walitaka nguo za wasimamizi zishonwe Nairobi. Koko alikataa. Alisema fundi yuko hapa mbele ya mlango wake, na hawezi kumruka kama dimbwi la maji. Wakakubali, lakini hawakufurahi. Basi Mwaitu akaletewa kitambaa cha gauni sita, satini ya rangi ya zambarau, inateleza kama samaki. Hakuwahi kupewa kitambaa kama hicho. Hakunieleza kitu, lakini mimi nilijua. Gauni hizo zikitoka vizuri, wanawake wa Kajiado wangemjua. Zikiharibika, angebaki na matako ya suruali mpaka mwisho, na Koko angechekwa na binti zake mwenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa. Mimi nilikuwa na kikohozi. Baridi ya mwezi wa saba ilinishika kifua, nikawa nakohoa kama mbuzi. Koko alinisikia, akaenda kwake, akarudi na chupa ya mafuta ya kondoo. Wamasai wanaamini mafuta hayo kwa kila kitu: kifua, mgongo, mama aliyejifungua, mtoto asiyenenepa. Akamwambia Mwaitu nipewe kijiko kimoja cha mezani kila asubuhi kabla ya chai.

Sijui kama mmewahi kuyanywa. Kwa baridi yanaganda meupe kama mshumaa, kwa hivyo lazima upashe chupa motoni kwanza. Yanakwenda polepole, yanashika koo, na siku nzima ukipiga mbweu unamsikia kondoo. Siku mbili za kwanza nilikunywa kwa sababu Mwaitu alikuwa amesimama hapo. Siku ya tatu aliniachia kazi hiyo mwenyewe, akaenda kupanga foleni ya maji. Lakini alikuwa ameweka alama kwa chupa na mkaa, ili jioni aone kama yamepungua.

Kumwaga nje haikuwezekana. Nilijaribu mara moja, mbwa wa jirani akaja akachimba hapo mpaka nikaogopa. Na siku hiyo hiyo nilikuwa nimemsikia Mwaitu akilalamika kwamba cherehani inalia, mafuta yake yamekwisha, angoje baba aje mwisho wa mwezi. Mtoto wa miaka kumi akiweka mambo mawili kama hayo pamoja, anajiona ana akili kuliko watu wote wa Kitengela. Mafuta ni mafuta, nilisema moyoni. Nikapasha chupa, nikajaza kijiko, nikatia kwa vile vitundu vya juu anavyotiaga Mwaitu. Yaliyobaki nikatia kwa zile sahani mbili za uzi, kwa sababu zilionekana kavu. Mengine kule chini, bobini inapozunguka. Cherehani ikaacha kulia. Mwaitu aliporudi akakanyaga, akashangaa, akasema labda ni umande. Mimi nikaangalia chai yangu.

Nilifanya hivyo asubuhi tano.

Siku ya sita ndipo gauni la kwanza lilianza kukataa. Mwaitu alikaa mapema, kwa sababu harusi ilikuwa Jumamosi na hii ilikuwa Jumatatu. Alishona urefu wa kiganja, akasikia ile sauti anayoichukia, kama mtu anayetafuna mchanga. Akageuza kitambaa. Chini kulikuwa na kiota. Akatoa uzi, akatunga upya, akashona, kiota. Akabadilisha sindano. Kiota. Akatoa bobini, akaizungusha upya polepole akiwa ameshika uzi kwa vidole. Kiota. Alikata nyuzi hizo moja moja kwa wembe, kwa sababu satini ukiivuta inaweka alama na alama haitoki.

Halafu saa saba mchana, bila kufanya kitu, cherehani ikashona. Ikashona vizuri kabisa mpaka jioni.

Jumanne asubuhi ikakataa tena, na mchana ikakubali. Mwaitu akasema ni uzi, akaenda dukani akarudisha uzi wote, akagombana na mwenye duka ambaye hakuwa na kosa lolote. Akanunua mwingine. Jumatano asubuhi, kiota. Siku hiyo nilimwona akichukua bisibisi ndogo na kukaza ile skrubu ya kikopo. Akailegeza. Akaikaza tena. Nilisimama kwa mlango na begi la shule nikamtazama. Mwaitu hakuwahi kugusa skrubu hiyo mbele yangu.

Mchana, mabati yalipopata moto, tone likaanguka kutoka juu ya cherehani, likatua kwa satini. Dogo, kama punje ya mtama. Alilipaka unga wa mahindi, akalifunika na karatasi, akalipiga pasi, likabaki kivuli. Usiku nilimwona ameshika kitambaa hicho karibu na taa, anakisogeza mbali, anakirudisha karibu.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu Jumatatu, nilipoona uzi unatoka kwa sahani zile ukiwa na kitu cheupe juu yake, kimegandana na vumbi la saruji linalopeperushwa kutoka kiwanda kilichokuwa karibu. Nilijua kwa nini mchana inakubali. Lakini kusema mafuta ilikuwa kusema dawa sikunywa, na kusema Koko alinipa kwa upendo nikamwagia chuma. Kwa hivyo nilinyamaza, na nilikuwa nakohoa huku nimenyamaza.

Alhamisi hiyo sikupelekwa shule kwa sababu ya kifua. Koko alikuja asubuhi kuangalia nguo za mjukuu wake. Gauni mbili zilikuwa tayari, nne bado. Mwaitu alimpa kiti, akampa chai, kisha akaanza kukunja satini. Aliikunja vizuri sana, pindo juu ya pindo, akaiweka magotini mwa Koko. Akamwambia awapelekee mabinti zake, watafute fundi wa Nairobi, siku mbili zinatosha kwa mtu mwenye mashini ya stima. Koko akamuuliza kama cherehani imekufa.

"Cherehani haina kitu," Mwaitu alisema. "Ni macho, Koko. Macho yangu yamekwisha. Nafikiri natunga uzi vizuri na situngi. Siku tatu najidanganya."

Hakulia. Mwaitu hakuwa mtu wa kulia. Alisema kama mtu anayekuambia mvua haitanyesha mwaka huu. Mimi nilikuwa kitandani nyuma ya pazia, na naweza kuwaambia kwamba sijawahi kusikia kitu kikiniumiza kama sauti hiyo iliyotulia. Nikatoka. Nilikuwa nimejifunga shuka, bila viatu.

"Si macho, Mwaitu. Ni mimi. Nilitia mafuta ya kondoo."

Nilieleza yote, mpaka mbwa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa fimbo, nimeshakaza mgongo. Mwaitu akaniangalia, halafu akaangalia cherehani, halafu akakaa chini. Na uso wake, badala ya hasira, ukalegea. Ukawa kama wa mtu aliyetua mtungi. Akarudia maneno yangu mara mbili: mafuta, ni mafuta. Karibu acheke.

Koko ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka masikio yake yenye shanga yakatikisika, akamwambia Mwaitu afurahi, maana sasa hii chuma haitapata kikohozi tena, na ikizaa, itakuwa na maziwa mengi. Kisha akaacha kucheka, akauliza kama tuko na makaa.

Yeye alijua mafuta. Alisema ukiyasugua baridi yanazidi kujificha, lazima yafukuzwe na moto. Tukawasha jiko, tukaliweka chini ya meza ya cherehani, si karibu sana, tukangoja. Polepole yakaanza kushuka. Mwaitu alifungua zile sahani, akafungua kikopo, akatoa kila kitu kinachotoka, akaviweka kwa sinia. Jiko likatolewa nje. Tukaosha vipande vyote kwa mafuta ya taa na manyoya ya kuku, tukapangusa, tukarudisha. Mimi ndiye niliyepangusa. Vidole vyangu vilinuka mafuta ya taa na kondoo mpaka Jumapili.

Ilipokuwa tayari, Mwaitu akaketi kutunga sindano. Akalamba uzi, akausokota, akaulenga. Ukapita pembeni. Akalenga tena. Pembeni. Mara ya tatu akasema mikono yake inatetemeka kwa hasira, huyu mtoto ameichokoza damu yake. Koko alisogeza kiti karibu. Alinyoosha mkono, akachukua uzi kutoka kwa vidole vya Mwaitu, akaupitisha mara moja, kama anavyopitisha ushanga. Kisha akatazama njia yote ya uzi kutoka juu mpaka chini, na kwa kidole kimoja akausukuma ukaingia katikati ya zile sahani, kwa sababu ulikuwa umekaa kando. Hakuwa amefundishwa cherehani. Alikuwa amekaa mlangoni petu miaka mitatu akiangalia.

Kukashonwa. Koko hakwenda kwake siku hiyo wala Ijumaa. Alikaa kwa kiti kando ya cherehani, na kila uzi ulipokatika au kwisha yeye ndiye aliyetunga. Alisema anataka kuona nguo za Nasieku zikizaliwa. Gauni sita zikaisha Ijumaa magharibi. Lile lenye kivuli cha tone, Mwaitu alilikunja tone likaingia ndani ya pindo, na hata mabinti za Koko walioangalia kwa makini ya kutafuta kosa hawakuliona.

Kabla ya kuondoka Koko alisema adhabu yangu bado. Mwaitu alikuwa ameshanisamehe, naweza kuapa, lakini Koko alishikilia. Akasema mbele yangu, kwa Kiswahili chake:

"Hii mtoto iliharibu uzi yako. Sasa yeye ndio atatunga. Kila asubuhi kabla ya shule, kila jioni akirudi. Wewe usitunge tena, Mama Mumbua. Mpaka yeye aolewe."

Mwaitu akainamisha kichwa, akasema sawa.

Niliona ni ukatili. Watoto wengine walikuwa wanacheza kati, wakirushiana mpira kule kwa uwanja, na mimi nimekaa natunga sindano tano, sita, nazichoma kwa kipande cha sponji ili Mwaitu azitumie nikiwa shuleni. Nilizungusha bobini mpaka naota bobini. Nilimchukia Koko kidogo. Nilipoachia shule darasa la saba, kwa sababu baba alifutwa na karo ikakosekana, nilikaa kando ya cherehani hiyo siku nzima, na hata kushona nikajifunza hapo, kwa kununa. Alipokufa Koko nilikwenda mazishini, lakini moyoni nilikuwa nimemwekea hilo neno.

Niliolewa mwaka wa elfu mbili, nikahamia huku Kajiado. Baada ya wiki tatu nikaenda kumsalimia Mwaitu. Nikapata cherehani imefunikwa na shuka mchana kweupe, na suruali ya mtu kwa meza, mguu mmoja umeshonwa. Akaniambia uzi umeanza kusumbua tena, siku nyingi, hajui ni nini. Nikafunua, nikakaa. Uzi ulikuwa umepita kando ya sahani. Sindano ilikuwa imewekwa nyuma mbele. Cherehani yenyewe haikuwa na kitu. Nilirekebisha yote mawili nimempa mgongo, nikashona mguu wa pili wa suruali, ukatoka msafi.

Akaniuliza, "Ilikuwa nini?"

"Vumbi tu, Mwaitu. Mambo ya Kitengela."

"Nilijua ni vumbi," akasema.

Basi hapo, nikiwa na umri wa kuwa mke wa mtu, ndipo nilipomwelewa yule bibi. Siku ile nilipotoka nyuma ya pazia nikasema si macho ni mafuta, nilisema nusu ya ukweli. Mafuta yalikuwa, na macho pia yalikuwa. Mwaitu alishika mafuta yangu kwa mikono miwili kwa sababu yalimwondolea lile lingine, na Koko aliona kila kitu kutoka mlangoni petu alipokuwa akitungia shanga. Hakunihukumu mimi. Alimtafutia mama yangu macho, na akayapitisha kwa jina la adhabu ili Mwaitu asilazimike kusema asante wala kusema ukweli. Miaka minane Mwaitu alishona kwa macho yangu, akala, akavaa, akaitwa fundi.

Koko, rafiki wa mlangoni, nilimwacha aende nikiwa na deni lake la neno zuri, na hilo silipi tena. Lakini si hilo linalonichosha. Macho ya Mwaitu yalikuwa yanakataa vitu vya karibu tu, tundu la sindano, njia ya uzi. Ya mbali yalikuwa mazima. Asubuhi zile zote, nikishachoma sindano kwa sponji, nikisimama pale mlangoni kuvaa begi, uso wangu ulionuna alikuwa anauona vizuri kabisa.